Vigawo vya 510510

Mwalimu aliupiga mlango wa lifti kwa kiatu mpaka kisigino kikang'oka. Lifti ilikuwa ikishuka vizuri tu, mara ikaporomoka, ikagonga kitu, ikakwama imeinama upande.

"Jamani, nakufa huku!"

"Hufi, dada." Sauti ya mwanamume ilipenya kwenye ufa wa sakafu. "Mimi fundi wa lifti. Zimamoto wanakuja."

"Afadhali! Umefika upesi, kaka."

"Nilikuwa karibu."

Hewa ilikuwa nzito, na taa hafifu. Tangu kaka zake walipomfungia stoo kwa mzaha utotoni, mwalimu hakuweza kuvumilia chumba kisicho na dirisha. Kuta zikaanza kumsogelea. Akahema kama mtu aliyekimbizwa.

"Dada, hapo ukutani kuna kibati chenye namba. Nisomee."

"510510."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Nafundisha hesabu."

"Basi nifundishe. Hiyo ni namba ya namna gani?"

Alitaka kumwambia huu si wakati wa masihara, lakini mdomo ulishatangulia. "Ni shufwa. Inaishia na sifuri, kwa hiyo mbili na tano zinaigawa. Jumlisha tarakimu zake, unapata kumi na mbili. Basi hata tatu inaigawa."

"Endelea. Usininyamazie."

Akaivunja: 510 mara 1001. Ndani ya 1001 akakuta saba, kumi na moja na kumi na tatu. Ndani ya 510 akachomoa kumi na saba. Kuta akazisahau.

"Kaka! Ni namba tasa saba za kwanza, zimezidishwa zote, kila moja mara moja tu!"

"Tasa? Masikini, hazikujaliwa watoto?" Fundi alicheka, kicheko kikakatika katikati.

"We! Maana yake hazigawanyiki, ila kwa moja na kwa zenyewe."

"Na kumi na tisa, inaigawa?" Sauti ilikuwa imefifia. "Usiharakishe. Piga hesabu polepole, nasikiliza."

Akafumba macho, akapiga. "Hapana. Inabaki kumi na nane. Ingeongezwa moja tu, ingegawanyika."

"Moja tu," fundi alisema. "Ajabu kweli."

Vyuma vikalia, mlango ukafunguka. Zimamoto wawili wakamshika mikono, wakamvuta hadi ukumbini, katikati ya watu waliokusanyika. Mwalimu alijifuta machozi, akatabasamu, akaangaza huku na huku.

"Fundi yuko wapi? Nataka nimshukuru."

Mkuu wa zimamoto hakumtazama. Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa shimo, akimulika tochi chini ya lifti.

"Dada ametoka, kaka, kama ulivyotaka," akaita. "Sasa jikaze. Tunaiinua, ikutoke miguuni."