Tonge la Raiye

Siku hizi kila aliyetimiza miaka saba huwekewa kifuniko cha chuma tumboni, asihangaike tena kutafuna. Wazee wa makamo ya Bi Mwanakheri waliachwa na midomo yao.

Mchana ule sinia lilitengwa jamvini, wali wa tui zito na iliki. Mwanawe Shaame akainua fulana, akafungua kifuniko chake, akajimiminia kwa upawa. Mle ndani utando mwekundu ulichezacheza, ikapanda harufu ya maziwa yaliyochacha. Bi Mwanakheri akaziba pua kwa kanga.

"Mama nawe! Unanionea kinyaa mimi, uliyenizaa?" Shaame akacheka.

Bi Mwanakheri alimgeukia mjukuu wake Raiye, aliyewekewa chake juzi tu. Alitaka huyu mmoja asisahau kula. Akafinyanga tonge dogo lenye ukoko anaoupenda, akamtia mdomoni.

Raiye alitafuna mara mbili, akakunja uso, akalitemea kiganjani mwa bibi yake.

"Bibi, lina mate! Hebu nitilie huku," akasema, akainua gauni.

Mkono wa kulia umeshika tonge, Bi Mwanakheri akauchukua upawa kwa kushoto. Maishani mwake hakuwahi kumpa mtu chakula kwa mkono huo.