Mtu wa Ngozi ya Fisi

"Hapo hapo! Usifunue!" Athanasi alisema, akabandika kiganja juu ya albamu. "Huyo ni wangu."

Bi Ingrid aliinua macho. Alikuwa anataka kuuruka ukurasa ule, tena kwa kicheko kidogo, kama mtu aliyekuta kitu cha nyumbani kimechanganyika na vya wageni.

"Huyu? Una hakika, bwana?"

"Kama nilivyo na hakika na jina langu."

Ukumbi wa parokia ulikuwa umefurika. Tangu asubuhi mama huyo wa Kiswidi, aliyewahi kufundisha Mwanza hadi Kiswahili kikamkaa mdomoni, alikuwa akiwaonyesha watu wa Bariadi kazi za babu na bibi yake. Wazungu hao wawili walipita Usukumani mwaka 1934, mume akipiga picha, mke akichora kwa rangi. Sasa, miaka sitini baadaye, kazi zao zilikuwa zinakwenda kwenye maonyesho huko Ulaya, na Bi Ingrid alikuja na nafasi nne za ndege kwa watakaowatambua ndugu zao.

Nafasi tatu zilikwisha kwenda. Justina wa Migato alimtambua mama yake, amechorwa akichota maji kisimani. Mzee Luhaga alimtambua kaka yake, na hata ng'ombe aliyesimama naye akamtaja kwa jina. Na Mashimba akamtambua babu yake, mpiga ngoma wa Ipililo.

Huyo Mashimba ndiye aliyemkosesha Athanasi raha. Meza zao za mitumba zilipakana sokoni. Tangu serikali iruhusu biashara hiyo, nusu ya Bariadi ilikuwa inavaa makoti ya Wazungu, na Athanasi alikuwa na ndoto moja tu: kufika huko marobota yanakofungwa, achambue mwenyewe kabla kamba haijakazwa. Leo Mashimba amtangulie? Haiwezekani.

Tatizo ni kwamba picha iliyobaki ilikuwa moja. Chini yake paliandikwa Ngulyati, kijijini kwao Athanasi. Mtu mmoja amesimama mbele ya shamba la mtama, kapakwa chokaa mwili mzima, ngozi ya fisi imemfunika uso, mkuki kaushika kama anayeshika jembe. Picha yenyewe ilikaa upande na kukata miguu. Ungedhani mpigaji aliamka na homa siku hiyo.

Athanasi alikuwa ameichungulia jana yake, albamu ilipofikishwa parokiani, akaenda mbio kumuuliza bibi yake, Nyanjige, mzaa baba.

"Ngulyati?" bibi alicheka. "Gari la Wazungu lilipotokea tulitimka wote mtamani. Hata mbwa hakubaki."

"Basi kesho utasema guku alibaki. Mume wako hakuwa mwoga."

Bibi alimpima kwa jicho. "Na mimi napata nini?"

"Sweta. La sufu. Halijavaliwa hata na Mzungu."

Kwa hiyo sasa Athanasi alisimama mbele ya ukumbi, akavuta pumzi.

"Huyu ni guku wangu, aliyemzaa baba yangu. Alikuwa mganga wa mvua. Tazameni mabega!" Akajigeuza watu wayaone ya kwake. Wengine wakakubali kwamba kweli, yamefanana.

"Lini Ngulyati imekuwa na mganga wa mvua?" Mashimba aliguna.

"Wewe wa Ipililo utajuaje?"

Watu wakacheka. Bi Ingrid hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Baba yako alizaliwa mwaka gani?"

"Thelathini na tano. Mwaka mmoja tu baada ya hii picha!" Athanasi alijibu upesi, akifurahi jinsi hesabu zilivyomkalia vizuri.

Mama yule akashika ukingo wa meza. Kisha akaenda hadi kwenye benchi la mbele alipokaa Bibi Nyanjige, akapiga magoti kama binti wa Kisukuma anayewasalimia wakubwa.

"Bibi, unisamehe kwa kukuuliza mbele za watu. Mtu huyu ndiye uliyezaa naye mwanao?"

Bibi aliisogeza picha karibu na macho, akaitazama kwa utulivu.

"Ndiye," alisema. "Mwingine sikuwa naye."

Vigelegele vikapasua ukumbi. Katekista Joakim akaliandika jina la Athanasi kwenye nafasi ya nne, na Athanasi akamkonyeza Mashimba, ambaye aligeukia dirishani kama anayetafuta mvua.

Bi Ingrid alikuwa bado amepiga magoti. Machozi yalimtiririka. Aliigeuza ile picha, akawatafsiria watu maneno ambayo bibi yake, yule mchoraji, aliandika nyuma kwa wino:

"'Ngulyati. Wote wametukimbia. Kwa hiyo nimempaka mume wangu chokaa, nimemvika ngozi ya fisi, na leo kamera nimeshika mimi.'"

Akainuka, akamkumbatia Athanasi kwa nguvu zake zote.

"Kaka yangu!" alilia. "Na babu yetu, mpaka anakufa, hakutuambia!"