Hondohondo Aliyetaka Hakika

Hondohondo wana ada yao. Jike akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, akauziba mlango kwa tope analoletewa na mumewe, akabakisha ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo ndani manyoya ya mbawa humnyonyoka, na mume humlisha mpaka vifaranga wakue.

Jike mmoja alikuwa ameatamia hivyo, Chiriku akatua kwenye ufa. Huyo hajapata kupita mahali akanyamaza.

"Shoga, una hakika mumeo atarudi?"

"Jana alirudi."

"Mimi nauliza leo."

Mume alipofika na tini, mkewe hakuipokea. "Kwanza niapie kwamba kesho utarudi."

"Mke wangu, huko nje kuna mwewe, kuna manati. Nitaapaje? Wewe kula."

Hakula, wala hakulala. Kulipokucha mume akaenda zake, naye mke akaubomoa ukuta wa tope, akatoka hadi tawini ili aione njia yote. Akaona kweli: mume huyo anakuja, tini mdomoni. Moyo ukamtulia.

Nyuma yake Tumbili, ambaye siku zote mkono wake ulikwama kwenye ufa, aliuingiza mlangoni akabeba mayai yote. Mama hakuwa na bawa la kumfukuzia.

Mvua za mwaka uliofuata akaingia tena tunduni. Chiriku huyoo, akatua.

"Shoga, safari hii una hakika?"

"Sina," akajibu, kisha akamgeukia mumewe. "Lete tope."