Kabureta Mbili za Mwalimu Cuthbert

"We Cuthbert, kichwa chako kigumu kuliko ganda la korosho," Bwanali aliliambia gari, maana mwenyewe hakuwepo. Aling'oa injekta ya mwisho ya kupulizia petroli na kuitupa kwenye beseni.

Alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Tangu juzi hakuwa amelala usingizi wa maana, na bado injini ya gari hili jekundu la mbio, la milango miwili, ambalo mzungu mmoja alimwachia Cuthbert hapa Kitangari zama hizo, ilikuwa wazi mbele yake.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa miaka mingi. Cuthbert, mwalimu mstaafu, alitaka injekta zitolewe pamoja na kompyuta yake, zifungwe kabureta za kizamani, ili gari lingurume kama magari ya ujana wake. Fundi Bwanali alikataa katakata. Kulirudisha gari la injekta kwenye kabureta, alisema, ni kumrudisha mzee jandoni. Cuthbert akamwita fundi cherehani. Walikuwa watani tangu kwa babu zao, na hakuna aliyewahi kukubali kushindwa.

Kisha wiki iliyopita, kitandani katika hospitali ya Mkomaindo, Masasi, Cuthbert alimshika mkono.

"Siku nitakayorudi Kitangari, nipokee kwa mngurumo. Ukinipokea na kile kisauti cha cherehani, utani wetu umekwisha."

Bwanali aliahidi. Sasa siku yenyewe ilikuwa leo.

Ethel, mke wa Cuthbert, alikuja na kikombe cha chai. Nyuma yake wanawake walikuwa wanasugua masufuria makubwa kwa maji yaliyopandishwa kutoka bondeni tangu alfajiri.

"Kunywa kidogo, shemeji."

"Watoto wanasemaje?"

"Grace kapiga simu. Wameshatoka Masasi."

Alisema hayo kwa sauti kavu. Tangu juzi Ethel hakuwa amecheka wala kulia. Alizunguka tu na ufunguo wa stoo, akipima mchele na kuelekeza watu pa kukaa. Bwanali alimwonea huruma, akashindwa kumtazama usoni.

"Litawaka?"

"Litawaka, Mama Grace."

Kusema kweli hakuwa na hakika. Alifunga kabureta mbili alizozing'oa kwenye pikapu mbovu, akakaza bolti, akawasha. Injini ikakohoa, ikazima. Petroli ikabubujika juu ya kabureta na kutiririka mpaka chini. Pampu ya gari ilizoea kusukuma mafuta kwenye injekta; kwa kabureta, nguvu zake zilikuwa gharika. Pampu nyingine ingepatikana Mtwara, na Mtwara si jirani.

Alikaa vumbini. Alitamani kulia, mzee mzima, kwa sababu ya mafuta.

Hapo macho yake yakatua kwenye mashine ya kupulizia salfa, imeegemea ukuta, ikisubiri msimu wa mikorosho. Tangi lake lilikaa juu, mafuta yakishuka yenyewe bila pampu. Bwanali aliinuka akijikokota. Alifungua tangi lile, akalifunga kwa mipira juu ya paa la gari, akateremsha bomba mpaka kwenye kabureta.

Safari hii injini haikuzima. Alitega kipande cha mpira wa maji sikioni, akasikiliza kabureta moja inavyovuta hewa, kisha ya pili, akizungusha skrubu mpaka zote mbili zikavuta sawa. Alipokanyaga mafuta, kuku walitawanyika.

Ethel alitoka ndani amebeba koti la Cuthbert na kofia yake.

"Nilijua utavihitaji," alisema.

Bwanali akavaa. Akaisukuma kofia upande, akatoa kichwa dirishani, akaanza kuzunguka uwanja wa nyumba taratibu huku akifoka kwa sauti ya puani, sauti ile ile ya Cuthbert. "Nyoosheni mistari! Nani anaongea huko nyuma?"

Wanawake waliacha masufuria, wakashika mbavu. Ethel naye alicheka, kiganja mdomoni, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na wenzake wakamshika. Bwanali alimwona, akashusha pumzi. Kazi yake ilikuwa imebaki kidogo tu.

Pikapu ya Grace ilitokea kwenye mikorosho. Bwanali alilipeleka gari katikati ya njia, akalisimamisha hapo na kukanyaga mafuta mpaka mabati ya nyumba yakatetemeka. Halafu akashuka, injini ikinguruma nyuma yake.

Wanaume sita walioshuka kwenye pikapu wakakwama mbele yake, jeneza la Cuthbert mabegani.

"Hazikwi mtu hapa," Bwanali aliwaambia kwa haki ya mtani, "mpaka mwenyewe akiri kwamba amesikia."