Kumi wa Kila Asubuhi

Watu wa kwanza ambao Mama Noella aliwafuta katika hesabu ni wale waliolipwa kwa kukaa.

Walikuwa wanne. Kazi yao ilikuwa kuingia mapema katika taksibisi yake pale Kasenga, mjini Uvira, na kukaa na mifuko mitupu magotini, ili mpita njia aone gari linakaribia kujaa, naye apande upesi. Abiria wa kweli akiingia, mmoja wao alishuka kimya kimya. Mwaka ule wa korona abiria wa kweli hawakuja. Wale wanne walikaa mpaka jua likawa kali, wakalipwa, wakaenda nyumbani.

"Sasa tutakula nini, Mama?" aliuliza Jolie, mmoja wao.

"Uzisha karanga, binti yangu. Kukaa sasa iko bei kali."

Kisha akafuta safari ya mchana. Akafuta mwoshaji wa gari, akaliosha mwenyewe. Cherehani ilikuwa imeshauzwa, na kabati, na vitenge vyake vyote isipokuwa viwili. Mpaka wa Kavimvira ulikuwa umefungwa, wachuuzi wamekaa nyumbani. Hata safari za matanga, zilizokuwa zikijaza gari kila Jumamosi, zilikatika. Ilikuwa imekatazwa kusafirisha maiti. Aliyekufa Uvira alizikwa Uvira, hata kama baba na babu zake wote wamelala kijijini Katogota, kule uwandani.

Shemeji yake Ildephonse, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa ameshapata mnunuzi wa gari kule Bukavu.

"Gari ya marehemu Sévère si sanamu ya kanisa," alimwambia. "Isipojilisha mpaka mwisho wa mwezi, naiuzisha."

Gari hilo ndilo kitu pekee alichoachiwa na mumewe. Na dereva wake, Libérat, alikuwa na watoto saba na hana kazi nyingine.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, walifika watu kumi. Kumi ndiyo idadi iliyoruhusiwa mwaka ule.

Walikuwa wapole sana. Barakoa ziliwafunika nyuso mpaka chini ya macho. Hakuna aliyebishana juu ya nauli, hakuna aliyebeba kuku wala gunia. Kila mmoja aliweka pesa yake kwenye dirisha la ofisi ya Mama Noella, akasema neno moja: "Katogota."

"Na kurudi?" aliuliza Mama Noella.

"Hapana, Mama. Kwenda tu."

Alihesabu vichwa kupitia kioo, akapiga bati la gari kwa kiganja mara mbili. "Imejaa! Twende!"

Libérat, aliyekuwa ameshika usukani, alimtazama kama mtu mwenye neno mdomoni. Halafu akaondoa gari.

Kesho yake wakaja kumi wengine. Na kesho kutwa.

Jolie sasa alikuwa akizunguka pale na sinia ya karanga kichwani. Juma la pili aliingia ofisini amevimba mashavu kwa hasira.

"Mama, weye ulitufukuza mule, sasa ona. Sijauzisha hata kafungu kamoja kwa gari yako."

"Ni korona, binti yangu. Bantu banaogopa kula kitu ya mikono ya bengine."

"Bantu gani!" Jolie alisonya, akatoka na sinia yake.

Jambo moja tu lilimshangaza Mama Noella, nalo lilimshangaza kwa utamu: mazutu, mafuta ya gari. Gari lililojaa lilikunywa sawasawa na lile tupu la mwezi uliopita. Akamsifu Libérat kwa mguu wake mwepesi. Libérat aliinamisha kichwa tu. Zamani alikuwa akiimba nyimbo za kwaya kutoka Kasenga mpaka uwandani. Sasa hakuimba tena. Na kile kioo cha ndani, ambamo dereva huwaangalia abiria wake, alikuwa amekigeuza kikatazama paa.

Siku ya mwisho wa mwezi Ildephonse alikuja, akaketi, akahesabu pesa noti kwa noti, mara mbili. Zilitosha mazutu, tairi mbili na mshahara wa dereva, na nyingine zikabaki mezani.

"Shemeji, tegua," akasema Mama Noella, maana furaha ilikuwa imemrudishia vitendawili vyake. "Nina ng'ombe wangu. Nikimpandisha watu kumi, nisipompandisha mtu, majani anakula yaleyale."

Ildephonse alikuna kidevu. "Imenishinda. Nakupa muji. Nakupa Bukavu."

"Bukavu nimepokea. Mununuzi wako abaki kulekule, na minye nabaki na gari yangu."

Ildephonse alicheka mpaka akashika mbavu. Akamgusa shemeji yake kiwiko kwa kiwiko, kama watu walivyosalimiana mwaka ule, akaondoka. Neno la kuuza gari likaisha.

Libérat alikuwa amesimama mlangoni, kofia mikononi. Alingoja Ildephonse afike barabarani ndipo akaingia.

"Mama, unisamehe. Mushahara ya mwezi hii sitaipokea."

"Ju ya nini, Libérat? Gari imejilisha yenyewe!"

"Weye njo unailisha, Mama. Unalipa nafasi yote kumi kwa mufuko yako, ili minye nisikose kazi. Bibi yangu analia kila tukikutaja." Alijifuta uso kwa kofia. "Nilinyamaza ju ya heshima. Lakini usinipigie tena bati na kusema imejaa. Ni juma nzima tatu sasa, kule Katogota sijashusha muntu hata mumoja."