Huna Ruhusa

Kidole cha Wening kilikuwa bado kwenye kitufe, kinang'aa mafuta ya tofu, vipande vya soya vilivyokaangwa, alipoliona kosa lake. Programu yake ilifungua rekodi za miaka thelathini za matetemeko ya ardhi ya mji wa Bandung kwa amri mbili: zisomwe tu, na zifutwe kwanza. Mwongozo wa mfumo ulisema amri hizo zikikutana, matokeo hayajulikani.

"Mashine hii huchagua kufuta, dada," mwenzake akanong'ona. "Usibonyeze!"

"Nimeshabonyeza."

Skrini ikaandika: Huna ruhusa.

Wakashusha pumzi. Kumbe mama mtunza rekodi, waliyemcheka kwa kufungia kila faili lisiandikwe, alikuwa amezifungia na hizi.

Mwenyewe akaingia. "Nani tena anachezea mafaili yangu?"

"Mimi, mama." Wening akamsukumia sahani nzima ya tofu. "Hata nikikupigia magoti, usinipe ruhusa."