Chungu Kisichoguswa na Sabuni

Sasmita alikuwa akisuuza povu la mwisho alipokumbuka: chungu kile hakioshwi!

Mungu wangu! Bibi harusi wa wiki tatu, kaletwa kutoka mji wa Cuttack, India, na tayari ameharibu chungu cha ukoo. Kwa miaka sitini wali umelowekwa humo mpaka maji yake yachachuke na kunywewa, kwanza na bibi mzaa baba wa mumewe, kisha na mama mkwe wake, Kuntala. Kila siku huachwa maji machachu kidogo ili yaumue ya kesho. Kijiji kizima kinayasifu. Yanapoza mwili wakati wa joto, yanatuliza tumbo, yanaondoa kiungulia. Kuntala hudai ndiyo yaliyomlindia magoti.

Na kesho anakuja wifi wa Kuntala, Shangazi Malati. Karamu ya harusi imemvuruga tumbo, dawa za daktari kazitupa, anataka maji ya chungu cha marehemu mama yake tu. Akionja akakuta siyo, Sasmita atarudishwa kwao kwa aibu.

Aombe wapi maji ya jana? Jirani yeyote angemtangaza kabla ya jua kutua. Wa kunyamaza ni mmoja tu, Sebati wa ng'ambo ya ukuta, ambaye hasemi na Kuntala mwaka wa tisa huu, tangu mbuzi wake ale maua ya watu. "Maji ya Sebati hata ng'ombe akinywa anaharisha," ndivyo asemavyo Kuntala.

Kuntala alikuwa bado hekaluni. Sasmita akajikaza, akapiga hodi.

Sebati alilitazama bakuli mkononi mwake. "Heh! Leo umekuja wewe?" Akalijaza, asiulize zaidi.

Kesho yake Shangazi Malati alikunywa mpaka tone la mwisho. Machozi yakamtoka.

"Jamani, huu ni mkono wa mama! Tumbo limetulia hapa hapa."

"Si nilikwambia?" Kuntala akajigamba, sauti juu ili ivuke ukuta. "Chungu hiki hakijui sabuni. Siyo uchafu wa watu wengine."

Sasmita alishusha pumzi, akakusanya vyombo. Kuntala akamfuata jikoni, akafunga mlango.

"Jana ulipita mlango wa mbele?"

Sasmita akaliweka bakuli chini. "Nisamehe, mama."

"Watu wana macho, mwanangu! Miaka yote hii mimi napita uani."